Je, Wajua? Lori la silinda sita laweza kutembea kwa tatu

Je, wajua kwamba fundi wa kando ya barabara huzima silinda za injini moja baada ya nyingine, kwa makusudi, na kwa spana tu? Pale Nanganga, ambapo njia ya Ruangwa inaachana na barabara kuu ya Lindi kwenda Masasi, malori hayakauki, hasa msimu wa korosho unapofunguka mwezi wa Oktoba. Lori likifika linamisi, linatetemeka na kufuka moshi, fundi mzoefu hakimbilii kushusha injini. Analiacha lingurume taratibu, anachukua spana namba 17 au 19, analegeza nati ya bomba la nozeli ya kwanza. Dizeli inamwagika nje badala ya kuingia ndani. Mlio ukibadilika na injini ikayumba, silinda hiyo ilikuwa nzima. Anakaza, anahamia ya pili. Akilegeza moja na injini isishtuke hata kidogo, keshampata mgonjwa.

Njia hii ni ya injini za pampu ya zamani peke yake. Mwaka 1995 Hino walitoa Rising Ranger, lori la kwanza kuuzwa likiwa na mfumo wa komoni reli, ambamo dizeli hukaa kwenye bomba moja nene ikisubiri amri ya kompyuta. Tairi la lori hujazwa upepo wa baa 8 hivi. Dizeli ya komoni reli huweza kupita baa 1,000. Nati ikilegezwa injini ikiwa inawaka, mchirizi wake hupenya ngozi na kuingia mwilini, na kidole kinaweza kukatwa hospitali. Malori ya mtumba ya mfumo huu sasa yamejaa nchini. Kijana anayejifunza ufundi aambiwe hili kabla ya kukabidhiwa spana.

Je, wajua kwamba kukata mafuta peke yake si kuzima silinda kwa ukamilifu? Silinda isiyopewa mafuta inaendelea kuvuta hewa na kuitema, na kazi hiyo inakula nguvu za wenzake. Injini zilizobuniwa kuzima silinda zenyewe hufunga pia valvu zote mbili, ya kuingiza na ya kutoa. Hewa inabaki imenaswa ndani: pistoni ikipanda inaibana, ikishuka hewa inaisukuma, kama springi. Kinachopotea ni kidogo sana.

Wazo lenyewe halikuanza vizuri. Mwaka 1981 Cadillac walitoa injini ya lita 6.0 iliyoweza kuhama kutoka silinda nane hadi sita, kisha nne. Kompyuta za wakati huo zilikuwa nzito kufikiri, gari likawa linashtuka barabarani, na wateja wengi wakaomba mfumo ukatwe. Mwaka uliofuata Mitsubishi wakajaribu kwenye injini ndogo ya lita 1.4. Miaka ya 2000 General Motors wakaurudisha kwenye magari makubwa ya petroli, zikiwamo pikapu za Silverado zenye V8 ya lita 5.3. Humo, shinikizo la oili ndilo linaloachia pini ndogo ndani ya tapeti. Tapeti inajikunja na valvu haifunguki tena. Tapeti hizo ndizo zilizowaliza wenye pikapu kuukuu: zinakwama, zinagonga, nyingine zinakula hadi kamshafti. Oili chafu huziua mapema. Anayetaka kuagiza gari la namna hiyo asikilize mlio wa juu ya injini na aulize historia ya kubadilisha oili kabla ya kuuliza bei.

Dizeli ina habari yake. Injini ya petroli hubanwa koo na kilango cha hewa, na kuzima silinda kunaipunguzia mbano huo. Dizeli haina shida hiyo kwa kiasi kile, kwa hiyo mafuta yanayookolewa ni machache. Faida kubwa iko kwenye joto. Malori mapya ya Ulaya na Marekani yana mtungi wa kusafisha moshi kwa maji ya urea, na mtungi huo haufanyi kazi sawasawa mpaka moshi uvuke nyuzijoto 200 hivi. Lori tupu, au linalosubiri foleni likinguruma, hutoa moshi wa baridi. Zima silinda tatu, zile tatu zilizobaki zibebe mzigo wote, na moshi utapanda joto. Mwaka 2021 kampuni za Cummins na Tula zilitangaza kwamba, kwa mfumo unaochagua silinda ipi iwake na ipi ipumzike, injini ya X15 katika safari za mzigo mwepesi ingepunguza gesi za naitrojeni kwa asilimia 74 na kaboni dayoksaidi kwa asilimia 5.

Je, wajua pia kwamba viungo vinavyofunga valvu ni ndugu wa vile vya breki ya injini? Hapa ndipo watu wa Newala wana haki ya kusikiliza kwa makini, maana huko lori linalofuata korosho hupanda uwanda wa Makonde likiwa tupu na kushuka limesheheni. Nguvu ya kupandia si tatizo. Tatizo ni kulizuia. Mwaka 1931 Clessie Cummins, mwanzilishi wa kampuni yenye jina lake, alikuwa akishuka mlima wa Cajon huko California na lori la dizeli. Breki zikapata moto na kuisha nguvu, akaponea chupuchupu kugonga treni. Hakuisahau siku ile. Baadaye akabuni kifaa kinachofungua valvu ya kutolea moshi pistoni inapofika juu, hewa iliyobanwa ikatoka kabla ya kurudisha nguvu yake, na injini ikawa inalivuta lori nyuma. Kampuni ya Jacobs ilianza kukiuza mwaka 1961. Leo kampuni hiyohiyo inatengeneza mitambo ya kuzima silinda.

Sasa tuje kwenye fedha yako. Wauzaji wa malori wamejifunza maneno mapya, na muuzaji anaweza kukuambia kwamba Fuso au Scania ya miaka ya 1990 “inajizima silinda kuokoa mafuta.” Usikubali. Malori ya dizeli ya umri huo hayakufungwa mfumo huo. Baadhi ya injini za kompyuta hukata mafuta kwenye silinda chache zikiwa za baridi, ili kupunguza moshi mweupe, lakini zikipata moto zinarudi zote. Injini iliyokwisha kupata moto ikaendelea kumisi ina ugonjwa: nozeli, valvu, gasketi au ringi. Kabla ya kulipa, omba lori lilale limezimwa, fika alfajiri na fundi wako, ushike injini kwa mkono kuhakikisha ni ya baridi, kisha uiwashe mwenyewe na uisikilize mpaka ipate moto. Muuzaji akikataa, nenda kwa mwingine.