Karatasi Moja, Mikono Mingi

Wasomaji wetu watukufu wanaijua taabu ya kuandaa kadi ya mwaliko wa ndoa. Karatasi ya kwanza huandikwa na mmoja, ikapelekwa kwa ami akabadili saa, ikenda kwa shangazi akaongeza jina la upande wa mama, kisha ikamfikia mpiga chapa imejaa mikwaruzo na mishale, naye hajui aufuate mkono wa nani. Zilipokuja kompyuta taabu hii haikwisha, bali ilizidi, kwani kila mtu alipata nakala yake. Mmoja ana faili aliloliita “Kadi ya mwisho”, wa pili ana “Kadi ya mwisho hasa”, na wa tatu “Kadi ya mwisho kabisa, usibadilishe”. Na zote tatu zimehitilafiana.

Dawa ya maradhi haya imekwisha patikana, nayo ni programu za kufanyia kazi kwa ushirika. Kuna Google Docs ya maandishi, ambayo asili yake ni programu iliyoitwa Writely, iliyotokea mwaka 2005 na kununuliwa na Google mwaka 2006. Kuna Figma ya wasanifu, iliyoasisiwa Marekani mwaka 2012 na vijana wawili, Dylan Field na Evan Wallace, ikafunguliwa kwa watu wote mwaka 2016. Kuna na Canva ya Australia, iliyoanza mwaka 2013, ambayo yawafaa hata wasio mafundi kwa kadi, matangazo ya madrasa na ratiba za Ramadhani. Zote hizi shauri lake ni moja: karatasi haitembei, watu ndio waiendeao. Asili ni moja tu, imewekwa katika kompyuta ya mbali, na kila aliyeruhusiwa huifungua kwa njia ya intaneti, akaona anachoandika mwenziwe wakati ule ule anapokiandika.

Wazo hili si geni kama vijana wadhaniavyo. Tarehe 9 Disemba 1968, katika mji wa San Francisco, mtaalamu Douglas Engelbart alikaa mbele ya hadhara ya mabingwa wa kompyuta wapatao elfu moja, akawaonyesha maandishi juu ya kioo, huku mwenziwe aliyekuwa Menlo Park, mwendo wa maili 30 hivi, akiyaona maandishi yale yale na kusemezana naye. Siku hiyo pia ndipo alipoonyesha hadharani kile kidude tukiitacho leo kipanya. Ilipita karibu miaka arobaini kabla ya jambo lile kuingia majumbani.

Yafaa kijana ajue kinachotendeka ndani, maana asiyejua huona ni kiinimacho. Tuseme watu wawili wameifungua hati moja. Mmoja anaongeza neno la herufi 6 mwanzoni, na mwingine, katika sekunde ile ile, anafuta herufi ya 20. Mashine ikifuata maneno bila ya akili, itafuta herufi isiyo yake. Kwani ile iliyokuwa ya 20 sasa ni ya 26. Basi kompyuta kuu huisahihisha amri ya pili kwa kuitazama ya kwanza, kisha ndipo ikaitimiza. Hesabu hii iliandikwa na wataalamu Ellis na Gibbs mwaka 1989, nayo ndiyo msingi wa Google Docs. Figma hupita njia nyingine. Ukibadili rangi ya duara na mwenzio akabadili ukubwa wake, yote mawili hukaa. Lakini mkiibadili rangi hiyo hiyo nyote wawili, hushika ile iliyofika mwisho.

Iliyofika mwisho, si iliyo sawa. Mashine huzuia maandishi yasigongane, wala haizuii watu kugombana. Haijui kuwa ami ndiye mwenye shughuli, wala kuwa saa aliyoiandika shangazi ndiyo aliyokubaliana na imamu. Hilo ni la kushauriana kwanza, na kila programu niliyoitaja ina mahali pa kuandika maoni pembeni bila ya kuigusa kazi ya mwenzio. Ajabu ni kwamba wengi hawapatumii, hufuta tu.

Lililo bora kuliko yote katika programu hizi, kwa maoni yangu, ni kumbukumbu ya mabadiliko. Google Docs huweka jina la aliyebadili, siku na saa, na hati yaweza kurudishwa ilivyokuwa kabla. Sisi Waislamu hatuna haja ya kulishangaa hilo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 katika Sura Al-Baqara, yaamrisha deni liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, na mashahidi wawepo. Kijana wa Mombasa au Unguja anayemchorea mtu wa mbali, asiyemjua wala kumwona, ana shahidi wake humo. Lakini shahidi huyu hulijua jina la akaunti tu, si sura ya mtu. Nyumba nyingi zina kompyuta moja na akaunti ya mmoja, wakaitumia wote. Basi aliyoyaandika mdogo huonekana ameyaandika kaka yake, na anayelaumiwa si mwenye kosa. Kila mtu na awe na akaunti yake, hata kama kompyuta ni moja.

Jambo zito zaidi ni la ufunguo. Google Docs ina daraja tatu za ruhusa: mtazamaji, mtoa maoni, na mhariri. Iko na ruhusa nyingine, ya mtu yeyote mwenye kiungo, nayo watu huichagua kwa uvivu, kwani haina haja ya kuandika anwani ya kila mmoja. Ifikirie kamati ya msikiti iliyoandika orodha ya wanaopewa zaka: majina yao, nambari zao za simu, mjane fulani na watoto wake wangapi, fulani na deni lake kiasi gani. Kiungo kikapelekwa katika kundi la WhatsApp la wanakamati watano. Mmoja akamtumia nduguye, na nduguye akakitupa katika kundi la mtaa. Dini yetu imeisifu sadaka ya siri, na huyu mjane asubuhi yake anakwenda sokoni akitazamwa. Hakuna mwizi aliyevunja mlango hapa. Orodha kama hiyo haifai kabisa kufunguliwa kwa kiungo. Yapasa waandikwe wale watano kwa anwani zao, na atokaye katika kamati aondolewe siku hiyo hiyo. Hali kadhalika picha za bibi arusi.

Kisha kuna suala la nyumba yenyewe. Kazi hizi hukaa katika nyumba ya mtu, na nyumba ya mtu huuzwa au hufungwa. Septemba 2022 kampuni ya Adobe ilitangaza kuinunua Figma kwa dola bilioni 20. Wasimamizi wa biashara wa Uingereza na Ulaya wakalipinga, na Disemba 2023 shauri likavunjika, Adobe ikalipa dola bilioni 1. InVision, iliyoanza mwaka 2011 na kutumiwa na wasanifu wengi mno, ilitangaza Januari 2024 kuwa itafunga, na mwisho wa mwaka huo ikafunga. Wenye kazi zao humo wakapewa muda wa kuzihamisha.

Kwa hiyo kazi ikikamilika, ishushwe nakala iwekwe nyumbani. Hati za Google Docs hushuka kwa sura ya Word au PDF. Figma hutoa PDF na picha, hutoa na faili lake lenyewe, ijapokuwa hilo la mwisho limefanywa kufunguliwa katika Figma.