Mwongozaji akisimama mbele yetu, tumuulize nini?

Desemba 2021 Bodi ya Filamu ilizileta tuzo za filamu za taifa jijini Mbeya. Mwaka uliofuata zikahamia Arusha. Kwa watu wa Nyanda za Juu Kusini, waliozoea kuambiwa kwamba sinema ni mambo ya Dar es Salaam na Zanzibar, ile ilikuwa heshima. Ila tuzo ni kitu kimoja na tamasha ni kingine. Kwenye tuzo filamu huonekana kwa sekunde chache tu, kisha mshindi anapanda jukwaani kumshukuru Mungu na mama yake. Kwenye tamasha, hata liwe dogo la siku mbili, taa zinazimwa, filamu inaonyeshwa mpaka mwisho, na aliyeitengeneza anasimama mbele ya watu aulizwe.

Hapo kwenye kuuliza ndipo sisi waandishi tunapofeli. Swali letu ni lilelile: “Unakabiliana na changamoto gani?” Majibu tunayajua kabla mtu hajafungua mdomo: mtaji, soko, wizi wa kazi. Ni majibu ya kweli. Kuanzia 2013 Mamlaka ya Mapato (TRA) ilitaka CD na DVD zibandikwe stempu, wezi wakaendelea kunakili, na baadaye DVD zenyewe zikafa, biashara ikahamia YouTube na kwenye ving'amuzi. Lakini majibu hayo hutolewa na aliyetengeneza filamu nzuri na aliyetengeneza takataka, sawasawa. Msomaji anamaliza ukurasa mzima bila kujua kama filamu inafaa kutazamwa.

Chukua mfano wa nyumbani kabisa. Mwaka 2011 Seko Shamte alitoa “Mkwawa: Shujaa wa Mashujaa”, kazi inayochanganya makala ya kihistoria na maigizo. Mtu wa Iringa hahitaji kuelezwa habari yenyewe. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe, chini ya mtawala wao Mkwawa, waliwavizia Wajerumani pale Lugalo na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ikaanguka. Julai 1898 Mkwawa akajiua Mlambalasi kuliko kukamatwa, kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Fuvu lilirudishwa 1954 na Gavana Edward Twining, na leo limo ndani ya sanduku la kioo kwenye makumbusho ya Kalenga.

Sasa fikiria Shamte amesimama mbele ya watu wa Kalenga baada ya filamu. Mimi nisingemuuliza changamoto. Ningemuuliza uso wa Mkwawa aliutoa wapi. Kilichobaki cha uso huo ni fuvu, na hata hilo wako wanahistoria wanaotilia shaka kama ni lake. Kumpa mwigizaji nafasi ile ni kuamua Mkwawa alikuwa mtu wa namna gani: mkali, mpole, mwenye majivuno? Ningemuuliza pia habari za siku zake za mwisho alizipata kwa nani, maana sehemu kubwa ya yaliyoandikwa iliandikwa na maofisa waliokuwa wakimwinda. Halafu ningenyamaza niwaache wazee waulize ya kwao, kwa Kihehe wakitaka. Kipindi hicho cha maswali kingeweza kuwa kirefu kuliko filamu, na sioni ubaya.

Mbeya nao wana deni lao la kuuliza. Mwaka 2003 Mussa Banzi alitoa “Nsyuka”, moja ya filamu za kutisha za mwanzo kabisa za Bongo Movie. Jina ni la Kinyakyusa, lugha ya Rungwe, lakini filamu ni ya Dar es Salaam. Kwa nini mjini walipotaka kutishana walikwenda kuazima mzuka wa Rungwe? Sijawahi kusoma mahojiano yaliyomuuliza Banzi swali hilo.

Kwa mtazamaji wa Mbeya, hata hivyo, ningeanza na “T-Junction” ya Amil Shivji, iliyofungua tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, mwaka 2017. Fatima amefiwa na baba ambaye hajui kama anamlilia. Hospitalini anakutana na Maria, na Maria anamsimulia habari za wachuuzi wa njia panda moja, watu walioishi pale kama ndugu hadi wakubwa walipotaka waondoke. Filamu inakwenda polepole, na kuna mahali nadhani inajipendelea kwa ukimya wake. Ila ukiitazama ukiwa Mwanjelwa, eneo la Mbeya ambalo soko lake liliteketea 2006 na wafanyabiashara wakatawanyika kutafuta pa kutandika, hutalalamika kuhusu mwendo. Utakuwa unahesabu watu unaowafahamu.

“Vuta N'Kuvute” ya mwongozaji huyohuyo ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto Septemba 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar, mara ya pili tu kwa nchi hii baada ya “Maangamizi” ya 2001. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi, ambayo wanafunzi wengi wa kidato cha tano na sita wameisoma kwa ajili ya mtihani. Yasmin anamkimbia mume aliyeozwa, anampenda Denge, mwanaharakati anayepambana na Waingereza Zanzibar ya miaka ya 1950. Mwanga wa filamu ile ni mzuri mno. Ukuta wenye unyevu tu unatosha kukukalisha. Udhaifu wake ni kwamba mapenzi yanaimeza siasa, na Denge wa kwenye kitabu ana maneno mengi kuliko huyu. Huyu ameigizwa na Gudrun Columbus Mwanyika, jina la ukoo ambalo msomaji wa Iringa na Njombe atasimama nalo kidogo. Siti Amina, kwenye nafasi ya Mwajuma, anaiba kila tukio analoingia.

Pa kuonyeshea filamu kama hizi hapakosekani. Mitaani bado kuna vibanda umiza: mabenchi ya mbao, runinga iliyoinuliwa juu ya rafu, pazia zito mlangoni la kuzuia jua, na ubao nje ulioandikwa kwa chaki mechi za leo na filamu ya Kikorea iliyotafsiriwa. Wenye vibanda wanajua kukusanya watu kuliko kamati yoyote ya maandalizi. Kumbi zipo pia chuo cha Mkwawa, zipo Chuo Kikuu cha Iringa, zipo chuo cha MUST pale Mbeya, na jioni nyingi huwa zimefungwa.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Wenye filamu, zileteni huku na mje nazo wenyewe. Wenye kumbi, fungueni milango. Na wewe mwandishi mwenzangu utakayepewa maikrofoni, tazama filamu yote kwanza, halafu hilo swali la changamoto liache nyumbani.