Flashi Ikiingia kwa Mashine, Nani Ameamua Kitakachofuata?

Kuna siku niliua ripoti ya mtu. Nilikuwa kwa kaunta ya sayba moja hapa Voi, si mbali na steji. Dada mmoja kutoka Mwatate akaingia mbio na flashi mkononi. Ripoti yake ya atachimenti ilifaa kuprintiwa, ibaindiwe, ifike chuoni kabla ya saa nane.

Nikachomeka. Folda tatu, zote na kamshale kadogo kwa kona, kila moja ina kilobaiti mbili tu. "Kaka, mbona inaleta shotikati pekee?" akaniuliza. Nikamjibu kama daktari: "Hii imeliwa na virusi, siste. Dawa ni kufomati." Akaniamini. Nikafomati.

Baadaye ndio nilijua kwamba ripoti ilikuwa hapo hapo. Hivyo virusi vya shotikati havifuti kitu. Vinaficha folda yako kwa kuipa alama ya faili la siri la mfumo, kisha vinaweka shotikati yenye jina lile lile. Ukiibofya, inaamsha virusi kwanza halafu inakufungulia folda, ndio usishtuke. Ningeandika amri moja tu ya Windows, attrib -h -r -s /s /d E:\*.*, yale mafolda yangerudi. Kama E ndiyo herufi ya flashi yako, iandike mahali. Yaani ile sekunde moja nilibofya fomati ndiyo iliyoua, si virusi.

Nimekaa na hiyo kitu muda mrefu. Swali lililobaki kichwani: flashi yake iliambukizwa vipi na hakuna mtu aliyebofya "niambukize"?

Jibu ni hili. Kila kifaa kikichomekwa, iwe flashi, kipanya, printa au simu, mfumo wa kompyuta hupiga kelele ndani kwa ndani: kuna mgeni! Programu yoyote iliyotega sikio inasikia na kufanya yake. Kwenye mashine yenye virusi, kirusi pia kimetega sikio. Sheria yake ni fupi: flashi ikiingia, jinakili ndani. Hakuna uchawi, ni mlango ule ule unaotumiwa na programu halali.

Na zamani Windows ilikuwa inarahisisha mambo zaidi. Tangu Windows 95 kulikuwa na kitu kinaitwa AutoRun. Weka CD, mashine inasoma faili la autorun.inf na kuendesha chochote kilichoandikwa humo. Kwa CD ya gemu, poa. Kwa flashi zinazozunguka mji mzima, balaa. Mdudu wa Conficker aliyeonekana mwishoni mwa 2008 alipitia njia hiyo pia, kati ya nyingine. Windows 7 ilipotoka 2009 ilikataa kuendesha vitu vya flashi hivyo, na Februari 2011 Microsoft ikasukuma sasisho la kuzima tabia hiyo kwa XP na Vista. Ndio maana virusi vya siku hizi vinakungoja ubofye shotikati mwenyewe.

Kwa hivyo nikajiuliza, kama kirusi kinaweza kuandika sheria, mimi je?

Sayba ilikuwa na mashine moja kuukuu, Windows imeishinda. Nikaiwekea Linux. Huko kuna kitu kinaitwa udev, kimekuwepo tangu 2003, na kazi yake ni hiyo tu: kusikiliza vifaa vikija na kuondoka, halafu kufuata sheria ulizoandika kwenye folda ya /etc/udev/rules.d. Niliandika mstari huu:

ACTION=="add", SUBSYSTEM=="block", SUBSYSTEMS=="usb", RUN+="/sbin/blockdev --setro /dev/%k"

Kwa Kiswahili cha Voi: diski yoyote ikiingia kupitia USB, ifunge, isomwe tu. Baada ya kuhifadhi unaandika sudo udevadm control --reload, unachomoa, unachomeka tena. Mteja anaprinti, flashi inatoka ilivyoingia. Hata mashine ikiwa chafu, programu isiyo na mamlaka ya root haina pa kuandika.

Nilijiona mjanja, siku mbili tu. Siku ya tatu mzee kutoka Sagalla akaleta hati ya shamba iskaniwe na kuwekwa kwa flashi. Ikakataa. Sheria yangu ilikuwa inakataza hadi mimi. Ikabidi nitafute sheria ya pili inayolitambua tundu moja la USB kwa anwani yake na kuliruhusu kuandika. Tundu hilo nikalipaka kucha nyekundu ya bosi, ili hata siku sipo mtu ajue.

Kosa lingine, nipe hii bure: usiweke kazi ndefu ndani ya RUN. Nilijaribu kufanya mashine inakili flashi yangu ya bekapu kila nikichomeka, nikawa napata nusu ya faili. udev inataka kazi ya haraka, ikichelewa inauawa katikati. Kazi kama hiyo unaikabidhi systemd, udev inabaki kubonyeza kengele tu.

Na si flashi pekee. Laptopu ikikosa stima, mfumo unapata habari kupitia njia ile ile inayotumika kifaa kikichomolewa. Tangu ule usiku wa Agosti 25, 2023 nchi nzima ilipoingia giza, yangu nimeiambia: umeme ukikatika, punguza mwanga wa skrini na uanze bekapu. Kwa wanaofanya kazi za mtandaoni Voi, hiyo ni mkate.

Yule dada alirudi, miezi kadhaa baadaye. Ripoti aliiandika upya yote, akaipeleka imechelewa. Nilimweleza ile amri ya attrib na nikamwomba msamaha. Akanisikiliza, akanipa flashi, halafu akasema nigeuze skrini imwangalie yeye. Nikageuza. Alisimama hapo hadi karatasi ya mwisho ikatoka.