Kulwa na Doto wa Gibson

Yatundike ukutani magitaa mawili ya umeme ya Gibson, ES-335 iliyotoka mwaka 1958 na ES-330 iliyofuata mwaka 1959, na utadhani ni kulwa na doto. Yote yana mwili mwembamba, mabega ya mviringo na matundu mawili yenye umbo la herufi f.

Tofauti imejificha tumboni.

Gonga 335 kwa kidole katikati ya mwili: pu, kama unagonga meza. Ndani yake kuna gogo la mbao lililonyooka toka shingoni hadi mkiani. Ukiigonga 330, inaitika kama ngoma, maana ndani ni tupu. Ndiyo maana ni nyepesi zaidi begani, na hata bila umeme inasikika vizuri chumbani.

Jukwaani mambo hugeuka. Sauti ya spika ikipandishwa, mwili mtupu hutikisika, nyuzi hutikisika nao, na mara mluzi unaanza. Gogo la 335 huutuliza mtikisiko huo. Pikapu zake, yaani vinasa mtikisiko wa nyuzi, zina koili mbili nazo huua mvumo wa umeme, wakati pikapu za 330, aina ya P-90 zenye koili moja, huvuma kidogo lakini zina makali yake.

Mpiga gitaa Grant Green alipigia jazi 330. Paul McCartney wa Beatles alinunua ndugu wa gitaa hilo, Epiphone Casino, mwaka 1964. Nayo ilikuwa ikiundwa kiwandani mwa Gibson, Kalamazoo, Marekani.