Anayejenga akiwa ng'ambo asitegemee uaminifu pekee

Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii tumeifundisha madarasani miaka nenda miaka rudi, tukaitungia mifano na kuwatahini wanafunzi wetu kwayo. Hata hivyo, sidhani kama kuna Wakenya wanaoijua maana yake kwa uchungu zaidi ya ndugu zetu wanaofanya kazi ughaibuni huku wakijenga nyumba hapa nyumbani.

Fedha wanazotuma si haba. Kwa hesabu za Benki Kuu ya Kenya, mwaka 2023 pekee Wakenya walio nje walileta nchini zaidi ya dola bilioni 4 za Marekani. Sehemu ya fedha hizo hulipa karo, sehemu hununua dawa za wazazi, na sehemu nyingine huishia katika mchanga, kokoto na saruji. Muuguzi aliyeko Marekani, dereva aliyeko Doha na mhadhiri aliyeko Uingereza wote huota ndoto moja: kurudi siku moja na kufungua mlango wa nyumba yao wenyewe. Na swali wanalouliza kabla ya kutuma shilingi ya kwanza ni moja pia: nitampata wapi fundi mwaminifu?

Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba swali hilo, ingawa ni la busara, halitoshi. Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliolijibu vibaya.

Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye ni muuguzi huko Marekani, alinunua ploti viungani mwa mji wa Kitengela katika Kaunti ya Kajiado. Mimi nilikuwa nikifundisha karibu na huko. Usiku mmoja akanipigia simu. "Mwalimu," aliniambia, "sina mtu mwingine wa kumwamini. Kaka yangu tumekwisha kukosana kwa ajili ya pesa za kwanza. Naomba uniangalilie kazi hii." Ni mwalimu gani awezaye kukataa ombi kama hilo? Nilikubali, tena kwa fahari.

Fundi tuliletewa na mzee mmoja wa kanisa. Alikuwa mtu mpole, asiyekunywa pombe wala kuchelewa kazini. Alinipeleka kwao Murang'a akanionyesha nyumba mbili alizozijenga, nazo zilisimama wima bila dosari. Kazi ilipoanza, kila Jumamosi nilikwenda kwenye ploti nikiwa na daftari. Nilihesabu mifuko ya saruji iliyoingia na iliyotumika, nikaandika majina ya vibarua, nikapiga picha na kumtumia mwenye nyumba kwa simu. Mali bila daftari hupotea bila habari, nami niliazimia kwamba mali ya mwanafunzi wangu haitapotea. Kwa hakika, hakuna mfuko hata mmoja uliopotea.

Mvua za masika zilikuja zikapita, kiangazi kikafuata. Ndipo ufa wa kwanza ulipojitokeza pembeni mwa dirisha la sebule, mwembamba kama uzi. Tuliuziba. Ukarudi, ukapanda hadi karibu na paa. Mwaka wa pili ufa huo ulikuwa unaweza kumeza kidole, na mlango wa jikoni ulikuwa haufungiki.

Mhandisi tuliyemwita hakuhitaji hata nusu saa. Alituambia kuwa sehemu kubwa ya nyanda za Kitengela na Athi River ina udongo mweusi unaovimba unapolowa na kusinyaa unapokauka. Anayejenga juu yake sharti auchimbe na kuuondoa hadi afikie ardhi ngumu, au aweke msingi uliosanifiwa mahususi kwa udongo wa aina hiyo. Msingi wetu ulikuwa umekalishwa juu ya udongo mweusi wenyewe. Fundi wetu alikuwa amejifunza kazi katika udongo mwekundu wa Murang'a, ambako msingi kama ule ungetosha kabisa. Hakutuibia. Alifanya alilolijua.

Nilimwuliza mhandisi ni lini kosa lile lingeweza kuonekana. "Siku ile mitaro ya msingi ilipokuwa wazi," alinijibu. Nilifungua daftari langu. Mitaro ilikamilika kuchimbwa siku ya Jumanne, na Alhamisi zege likamwagwa. Siku zote mbili nilikuwa darasani. Jumamosi nilipofika, nilihesabu mifuko mitupu, hesabu ikalingana, nikarudi nyumbani nimeridhika.

Ndugu msomaji, hapa ndipo lilipo fundisho. Ujenzi ni kazi inayojificha yenyewe kadiri inavyoendelea. Msingi hufunikwa na udongo, vyuma hufunikwa na zege, mabomba na nyaya hufunikwa na lipu, na lipu hufunikwa na rangi. Yale yanayobeba nyumba ndiyo yasiyoonekana kazi inapokwisha. Kwa hiyo picha nzuri ya ukuta uliopakwa rangi haimwambii aliye mbali lolote la maana. Anayetafuta mjenzi hana budi kujiuliza, zaidi ya kama mtu huyu ni mwaminifu, nani mwenye ujuzi atakayeiona kazi kabla haijafunikwa.

Jibu la swali hilo hutaka mikono mitatu, na mikono hiyo isiwe ya mtu mmoja: mkono unaojenga, mkono unaolipa na mkono unaokagua. Tabia yetu ni kumkabidhi ndugu mmoja yote matatu. Yeye humtafuta fundi, hununua vifaa, hupokea fedha na kuleta habari za maendeleo ya kazi. Mambo yakiharibika, hakuna wa kuyasema ila aliyeyaharibu.

Tuanze na mkono unaojenga. Kwanza, mjenzi aonyeshe kazi zake za zamani badala ya zile mpya. Nyumba ambayo haijapitiwa na misimu miwili ya mvua bado haijatahiniwa. Tena aonyeshe nyumba alizozijenga katika udongo kama ule wa ploti yako, na aulizwe mwenye nyumba faraghani, fundi akiwa hayupo. Pili, wenye maduka ya vifaa vya ujenzi katika eneo hilo waulizwe habari zake. Hao hujua ni nani mwenye madeni na ni nani huagiza saruji pungufu ya kazi iliyopo. Mjenzi mwenye madeni ya kazi ya jana atayalipa kwa fedha zako, naye atahitaji fedha za mwenzako ili amalize nyumba yako.

Tatu, sheria nayo ina msaada wake. Sheria iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi mwaka 2011 inawataka wakandarasi wasajiliwe, nao hupangwa katika madaraja manane, la kwanza likiwa la kazi kubwa zaidi. Mamlaka hiyo pia huwaidhinisha mafundi na wasimamizi wa kazi. Wasanifu majengo na wakadiriaji gharama wana bodi yao ya usajili, na wahandisi wana yao. Anayejiita mtaalamu atoe nambari yake ya usajili, nayo ithibitishwe kwenye bodi yenyewe, si kwa kutazama karatasi anayoitoa mfukoni. Usajili haumfanyi mtu kuwa malaika. Hata hivyo, aliyesajiliwa ana kitu cha kupoteza akikudhulumu, na wewe una mahali pa kupeleka malalamiko yako.

Nne, jihadhari na bei ya chini kupita kiasi. Mpe kila mjenzi ramani ile ile na orodha ile ile ya vifaa na kazi, iliyotayarishwa na mkadiriaji gharama, kisha ulinganishe. Pasipo orodha hiyo, bei tatu ulizoletewa ni bei za nyumba tatu tofauti. Anayetaja bei ndogo kuliko gharama ya vifaa vyenyewe atakuja kuomba nyongeza katikati ya kazi, au atapunguza saruji mahali usipopaona.

Mkono wa pili ni ule unaolipa. Fedha zifuate kazi, zisiitangulie. Mkataba wa maandishi ugawe malipo kwa hatua: msingi hadi sakafu, kuta hadi linta, paa, mabomba na nyaya pamoja na lipu, na hatimaye umaliziaji. Hatua isiyokamilika na kukaguliwa isilipwe, hata fundi akilia kwamba vibarua wamelala njaa. Vifaa vikubwa vilipiwe dukani moja kwa moja, na stakabadhi itolewe kwa jina la mwenye nyumba. Aidha, ni desturi katika kandarasi za ujenzi kuzuia sehemu ndogo ya malipo, aghalabu asilimia 5 hadi 10, kwa miezi kadhaa baada ya kazi kukamilika. Laiti sisi tungelizuia fedha kama hizo hadi mvua zipite, tungelikuwa na pa kuanzia ufa ulipotokea.

Mkono wa tatu, ambao wengi huukata ili kubana matumizi, ni ule unaokagua. Mhandisi au msanifu wa kukagua si lazima ashinde kazini kila siku. Muhimu ni kwamba mkataba utaje siku ambazo kazi itasimama hadi afike: mitaro inapokuwa wazi, vyuma vinapokuwa vimefungwa kabla ya zege kumwagwa, na mabomba yanapokuwa hayajafunikwa. Zege likishamwagwa, ahakikishe kwamba linamwagiliwa maji kwa muda usiopungua siku saba, kwa maana zege lililokauka kwa haraka halipati nguvu zake. Mkaguzi huyo alipwe na mwenye nyumba, kamwe asilipwe na mjenzi.

Vibali vya kaunti navyo tusivitazame kama usumbufu wa kukwepwa kwa chai. Mwezi wa Aprili mwaka 2016, jengo la ghorofa liliporomoka usiku wa mvua katika mtaa wa Huruma, Nairobi, likaua zaidi ya watu 40. Waliokufa walikuwa wapangaji, watu ambao hawakuuona msingi wake ulipokuwa ukichimbwa. Aliye ng'ambo naye siku moja atawalaza watoto wake chini ya paa ambalo hakuliona likiinuliwa.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni gharama ya ziada kwa mtu anayefanya kazi zamu mbili ili apate za kujengea. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mwanafunzi wangu alilazimika kubomoa pembe mbili za nyumba, kuchimba upya na kujenga tena. Malipo ya mhandisi kwa ziara ya asubuhi moja hayangelifikia hata bei ya madirisha yaliyovunjika katika ubomoaji huo.

Wengine watauliza: je, ndugu zetu tuwatupe? La hasha. Lakini tuwatendee haki. Tunamtwika kaka kazi ya mwaka mzima, aache shamba na biashara yake, apande matatu kila siku hadi kwenye ploti, kisha hatumlipi kwa sababu eti ni ndugu. Ndugu asiyelipwa huishia kujilipa. Huanza na nauli, ikafuata chakula cha mchana, kisha karo ya mtoto "nitairudisha mwisho wa mwezi." Mwishowe ujenzi umekwama, na mama yao hana raha kwa kuwa wanawe hawasemezani. Familia ngapi zimevunjika hivyo? Ndugu apewe kazi moja anayoiweza, aandikiwe malipo yake, asibebeshwe fedha zote. Kumwekea mtu utaratibu si kumtukana. Ni kumkinga na majaribu, na kumpa ushahidi siku atakaposingiziwa.

Nayasema haya kwa walimu wenzangu hasa, kwa kuwa kijijini na mjini sisi ndio tunaoombwa. Aliyetoka darasani mwetu akafika mbali hutukumbuka anapotafuta mtu wa kumwamini, nasi huona haya kusema kwamba jambo fulani hatulijui. Kama ningelimwambia binti yule siku ile ya kwanza, "Uaminifu ninao, lakini habari za misingi sizijui, tafuta mhandisi, nami nitahakikisha kazi haiendelei kabla hajafika," ningelikuwa nimemsaidia kuliko kwa madaftari yangu yote. Nanyi wanafunzi, ambao baadhi yenu mtavuka bahari kutafuta riziki, msiwaachie wengine elimu hii. Jifunzeni kusoma ramani na mkataba kabla ya kutuma fedha.

Nyumba ile sasa imesimama. Binti alikuja likizoni Desemba moja, akanikaribisha chai sebuleni, na alipoona nautazama ukuta wa dirishani aliniambia kwa upole, "Mwalimu, usijilaumu. Wewe hukuniibia." Ni kweli, sikumwibia. Lakini miaka miwili ya zamu zake za usiku ilizikwa katika mitaro ile, na hakuna kati yetu, fundi wala mimi, aliyeweza kumrudishia.