Nani Akae na Mama Wakati wa Uchungu?

Familia nyingi za Tarime na Serengeti hutuuliza: yule binti mgeni kutoka Ulaya anayemshika mama mkono leba, ni daktari? Hapana. Amekuja kujitolea. Kwao msaidizi wa namna hiyo huitwa dula, neno la Kigiriki lenye maana ya mtumishi wa kike.

Dula hazalishi, hapimi njia wala hachomi sindano. Hiyo ni kazi ya mkunga. Yeye hukaa na mama mpaka mtoto azaliwe: humsugua mgongo, humpa maji, humtembeza, humtia moyo.

Je, inasaidia? Ndiyo. Mwaka 2017 wataalamu walichambua tafiti 26 zilizohusu wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17. Waliokuwa na msaidizi muda wote walijifungua zaidi kwa njia ya kawaida, uchungu wao ulikuwa mfupi kidogo, na wachache zaidi walipasuliwa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila mama awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe.

Anayemchagua mwenyewe! Kwa hiyo mgeni haingii leba mpaka mama akubali. Nasi huwaambia wageni wetu: usiyoruhusiwa kuyafanya kwenu, hapa pia usiyafanye, na picha hakuna. Mama mmoja alimkataa mgeni, akataka shangazi yake. Mgeni hakununa. Alikwenda kuwachotea maji. Siku hiyo alitusaidia kweli.

Mgeni hajui Kikurya, na baada ya majuma machache anarudi kwao. Dada, mama mzazi au mama mkwe yupo nyumbani siku zote. Basi, familia zichague mapema, na mama ndiye aseme neno la mwisho. Msindikizaji afanye haya:

1. Aende kliniki na mama angalau mara moja, ajulikane.
2. Asimpe mama dawa yoyote ya kienyeji ya kuongeza uchungu.
3. Amwite muuguzi mara moja akiona damu nyingi au degedege, au mama akilalamika kichwa kinamuuma sana, macho hayaoni vizuri, au anasikia kusukuma.
4. Kama mama alikeketwa, mama mwenyewe atueleze mapema kliniki. Hatutamcheka wala kumgombeza. Kovu linaweza kuchanika na kutoa damu nyingi, nasi tunataka tuwe tayari.

Mama asiachwe peke yake.