Kinanda Hupima Kasi ya Kidole, Si Nguvu Yake

Chini ya kila kibonye cha vinanda vingi vya kisasa kuna swichi mbili ndogo. Kidole kinaposhuka, ya kwanza hujifunga, kisha ya pili. Kinanda hupima muda uliopita kati ya hizo mbili, na muda huo ndio ushahidi pekee inaoupata kompyuta juu ya ukali wa pigo lako. Ukipiga kwa kasi, muda huwa mfupi na namba huwa kubwa. Ukishusha kidole taratibu, namba hupungua. Unaweza kukiegemea kibonye kwa uzito wako wote. Kama kimeshuka polepole, kompyuta itaandika kwamba umepiga kwa upole.

Ndiyo maana namba hiyo huitwa velositi, yaani kasi. Huanzia 1 hadi 127. Sifuri nayo ipo, ila hiyo husomwa kuwa ishara ya kuachia noti. Utaratibu huu ni sehemu ya MIDI, lugha ya pamoja ya vyombo vya muziki iliyoanza kutumika mwaka 1983 kwa juhudi za Mmarekani Dave Smith na Mjapani Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland. Lugha hiyo iliweka namba, lakini haikumwamuru mtengenezaji yeyote kasi ipi iitwe 64 na ipi iitwe 100. Kila kiwanda kilijipangia chake. Basi mkono uleule, ukipiga wimbo uleule kwenye vinanda viwili, unaweza kutoa namba zisizofanana kabisa.

Nimeliona hili studioni mara nyingi, hasa kwa wapiga vinanda wa kwaya. Mtu amezoea vibonye vyepesi vya plastiki vya kinanda cha kanisani kwake. Anakuja kurekodi, anakutana na vibonye vizito mithili ya piano, na kila anachopiga kinatoka hafifu, kama piano iliyofunikwa blanketi. Miaka ya mwanzo nilikuwa nampandishia volyumu. Nilikosea.

Piano ya kwenye kompyuta haitofautishi mapigo kwa ukubwa wa sauti tu. Chukua ile piano ya bure iitwayo Salamander. Ilirekodiwa kutoka piano ya Yamaha C5, na kila noti iliyorekodiwa ilipigwa kwa viwango 16, kuanzia mguso mwororo hadi pigo kali. Velositi ndiyo inayochagua rekodi ipi itoke. Nyundo ya piano ikigonga waya kwa kasi, sauti hutoka na makali na mng'ao. Ikigonga taratibu, sauti huwa laini, imefifia kwa juu. Kwa hiyo noti yenye velositi ya 40 uliyoipandishia volyumu inabaki kuwa mguso mwororo uliosogezwa karibu na sikio. Haigeuki kuwa pigo.

Kinachotakiwa kurekebishwa ni mkunjo wa velositi. Fikiria mstari kwenye karatasi ya grafu: mlalo unaonyesha kasi ya kidole, wima unaonyesha namba inayotoka. Mstari ukiwa umenyooka, kasi ya kati hutoa kama 64. Ukiupinda ubinuke juu, kasi hiyohiyo itatoa labda 90, na huo unamfaa mwenye vidole vyepesi au aliyekutana na kinanda kizito. Ukiupinda ubonyee chini, itatoa labda 40. Huo ni wa mpigaji mwenye mkono mkali anayetaka nafasi zaidi ya kucheza kwa upole.

Majina ya mipangilio yasikuchanganye. Vinanda vingi vya Yamaha vya PSR vina chaguo la "Soft", "Medium" na "Hard". "Soft" haimaanishi sauti itakuwa laini. Maana yake ni kwamba mguso mwepesi unatosha kutoa sauti kubwa. "Hard" ndiyo inayomdai mpigaji jasho. Wengi huweka kinyume, kisha wanakilaumu kinanda. Chaguo la "Fixed" hutoa namba moja kwa kila noti, nalo linafaa kwa sauti ya ogani, chombo ambacho tangu asili hakijali kidole kimeshuka vipi.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, pima. Mwambie mpigaji apige noti 10 kwa upole kadiri awezavyo, 10 za kawaida, na 10 za nguvu zake zote. Fungua dirisha la noti kwenye programu ya kurekodia usome namba. Mimi hutaka za upole ziwe kati ya 25 na 40, za kawaida kati ya 60 na 85, na za nguvu zikaribie 120 bila kugota 127.

Kugota huko ndiko hatari kubwa kuliko zote. Mpigaji akifika 127 mapema, mapigo yake yote ya juu ya hapo yanaandikwa namba moja, na hakuna programu itakayojua lipi lilikuwa kali kuliko jingine. Tofauti hiyo imepotea kwenye kinanda chenyewe. Kwa sababu hiyo anza marekebisho kwenye kinanda, ndipo uende kwenye programu. Hata upande wa chini ni hivyohivyo: kinanda kinachoishia 70, ukikivuta kwa programu hadi 127, kitaruka baadhi ya namba njiani.

Kikishatoa namba nzuri, programu inamalizia. Ableton Live ina kifaa kinachoitwa Velocity, Logic Pro ina Velocity Processor. Katika Live, kifaa hicho kikiwa kwenye njia ya ala, noti zilizorekodiwa hubaki na namba zake za asili, hivyo unaweza kubadili mkunjo hata wiki ijayo bila kumrudisha mpigaji studioni.

Kwa prodyuza anayechora noti kwa mausi, jambo kubwa liko kwingine. FL Studio, inayotumika katika studio nyingi za bongo fleva, huipa kila noti mpya velositi ya 100 usipoibadili. Piano ya namna hiyo hugonga kama nyundo ya fundi bati. Shusha mkono wa kushoto chini ya ule wa kulia. Katika kila kodi, ipandishe noti inayobeba sauti ya wimbo na uziache nyingine nyuma yake. Fanya hivyo kwa sikio, noti kwa noti. Kitufe cha kuchanganya namba kiholela hakijui wimbo unaelekea wapi.

Nawe unayerekodi watu wengine, usibonyeze kitufe chekundu kabla ya kipimo cha noti 30. Hakichukui hata dakika tano, na kila mpigaji mpya anastahili kupimwa upya.